Dawa ya Platinamu Huzuiaje Kansa?

Mama mmoja wa kijiji chetu ana kansa ya shingo ya kizazi. Alipewa dripu moja ya dawa hospitalini, akatapika siku mbili. Aliporudi akaniambia, "Mwanangu, dawa ile ni sumu. Sirudi tena."

Nilimjibu kwamba hakukosea. Ni sumu kweli, lakini ina kazi yake.

Dawa hiyo huitwa sisplatini. Ndani yake mna platinamu, madini ya thamani kama dhahabu. Mwaka 1965, huko Marekani, mtaalamu Barnett Rosenberg alieleza jambo la ajabu. Alipitisha umeme katika maji yenye vijidudu, akitumia vipande vya platinamu. Vijidudu vilirefuka kama nyuzi, lakini havikugawanyika. Platinamu kidogo ilikuwa imeingia majini.

Kansa nayo hukua kwa kugawanyika. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya chembe mna DNA, yenye maagizo ya mwili. DNA ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Kabla chembe haijagawanyika, lazima ngazi yote inakiliwe.

Platinamu ya dawa hii ina mikono minne. Miwili imeshika amonia. Miwili imeshika kloridi, ambayo imo pia katika chumvi tunayokula. Damu ina kloridi nyingi, kwa hiyo humo dawa hutulia. Ndani ya chembe kloridi ni kidogo. Hapo mikono miwili huiachia kloridi na kushika DNA. Mara nyingi hushika vipande viwili vilivyo jirani, vinavyoitwa guanini, na kuvifunga pamoja. Ngazi hupinda. Kunakili hukwama. Chembe ikishindwa kujirekebisha, hufa.

Ubaya wake, dawa haichagui. Hushika hata chembe nzima. Figo huweza kuumia, ndiyo maana mgonjwa huongezewa maji mengi kwa mshipa. Wengine hulalamika kuwa wanacheleweshwa na maji tu! Masikio yakivuma, au mkojo ukipungua, mwambieni daktari mara moja. Dawa za kuzuia kutapika zipo. Ziombeni.

Mama yule aliuliza tena, "Kwa nini nirudi kila juma?" Kwa sababu kila mara dawa huua sehemu tu ya chembe za kansa. Zilizobaki huendelea kugawanyika.

Anarudi Jumatatu. Mumewe ameuza mbuzi kupata nauli.