Delta ya Nile: siku moja mahali wanapozaliwa samaki wa sokoni

Gunia la samaki wakavu likifika soko la Omugo, wilayani Terego, limeshapita mikono mingi: mvuvi, mkaushaji, mwenye lori, mtoza ushuru na mchuuzi. Kutoka hapo huelekea Arua au Koboko, na mengine huvuka mpaka hadi Ariwara nchini Congo au Kaya nchini Sudan Kusini. Kila mmoja katika safari hiyo anaijua bei ya gunia. Wachache wamewahi kupaona mahali ambapo samaki wengi wa Ziwa Albert huanzia maisha yao.

Mahali penyewe si mbali na barabara yao. Ni delta ya Nile ya Victoria, pale mto unapoingia ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert, ndani na kando ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Anayetoka Arua kwenda Kampala hupita Nebbi, huvuka daraja la Pakwach na kuendelea Karuma, huku delta ikibaki upande wa kusini. Watalii hulipa nauli ya ndege kuja kuiona. Mfanyabiashara wa West Nile huipita usiku, amelala kwenye kiti cha basi.

Mwaka 2024 wengi waliikaribia bila kupanga. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati mwezi Septemba, magari mengi ya abiria yaliyokuwa yakienda West Nile yalielekezwa njia ya Masindi na Paraa, katikati ya hifadhi. Abiria waliona twiga na tembo kupitia dirishani. Lakini delta haionekani kwa dirisha la gari. Inataka boti, na inataka mtu anayeijua.

Asubuhi mtoni

Safari ya kwenda delta huanzia Paraa, kwenye gati za boti. Kuna safari mbili ambazo wageni huzichanganya. Moja hupanda mto kuelekea chini ya maporomoko ya Murchison. Nyingine hushuka na mto karibu kilomita 30 hadi delta, na kwenda na kurudi huchukua sehemu kubwa ya asubuhi. Boti za delta huondoka mapema, jua likiwa bado halijachoma, kwa sababu ndege huonekana vizuri saa hizo.

Kila abiria huvaa jaketi la kujiokolea kabla injini haijawashwa. Mwongozaji hueleza masharti machache: mikono ibaki ndani ya boti, mtu asisimame ghafla, takataka zisitupwe majini. Masharti hayo yana sababu. Viboko hukaa kwa makundi kwenye maji ya kina kifupi, na mamba wa Nile hulala mchangani vinywa wazi. Nahodha hupita mbali na viboko na hupunguza mwendo kwenye kona.

Mto ukiwa mpana na mtulivu namna hii, ni vigumu kuamini kuwa ndio huohuo ulio juu. Kwenye maporomoko ya Murchison, Nile yote hubanwa katika pengo la mwamba lenye upana wa mita kama 7, kisha hushuka zaidi ya mita 40. Baada ya hapo maji huchoka. Yakilikaribia ziwa hupoteza kasi na kuacha tope yaliyobeba. Tope hujenga visiwa, visiwa huugawa mto katika mikondo, na mafunjo huota juu yake na kulishikilia tope lisichukuliwe. Hivyo ndivyo delta inavyojengwa.

Ndani ya mikondo hiyo mwongozaji huzima injini au kuipunguza. Mdiria weusi kwa weupe huning'inia hewani kabla ya kujitupa majini. Tai mla samaki hulia kutoka juu ya mti mkavu. Lakini macho ya wengi kwenye boti yanamtafuta ndege mmoja, korongo-nyangumi.

Ndege asiye na haraka

Korongo-nyangumi ni ndege wa rangi ya kijivu, mrefu zaidi ya mita moja, mwenye domo pana linalofanana na kiatu cha mbao. Inakadiriwa kuwa duniani kote wamebaki kati ya 5,000 na 8,000. Uganda ni moja ya nchi chache ambako mgeni anaweza kumwona porini, na delta hii ni moja ya sehemu zake maarufu.

Husimama kwenye tope kati ya mafunjo bila kutikisika, wakati mwingine kwa muda mrefu kiasi kwamba mgeni hudhani ni sanamu. Anamngoja kamongo. Kamongo ana mapafu na lazima apande juu kuvuta hewa, na dakika hiyo ndiyo ndege anayoisubiri. Wavuvi wa maziwa haya wanamjua kamongo vizuri, kwa hiyo wageni wa nyumbani huielewa habari hii haraka kuliko wa mbali.

Hakuna mwongozaji mkweli anayeahidi kuwa ndege huyo ataonekana. Nafasi ni kubwa zaidi wakati wa kiangazi, maji yanapopungua na kamongo kukusanyika kwenye madimbwi. Kwa West Nile, kipindi kizuri ni kuanzia Desemba hadi Machi.

Ukuta wa maji na samaki mwenye majina mengi

Kinachomhusu zaidi mfanyabiashara kiko chini ya boti. Mwaka 2006 eneo lote, kuanzia juu ya maporomoko ya Murchison hadi ziwani, liliingizwa katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Moja ya sababu ilikuwa korongo-nyangumi. Sababu nyingine ni kwamba delta ni mahali pa samaki kutagia na kukulia kwa ajili ya uvuvi wa Ziwa Albert. Mizizi ya mafunjo huwaficha samaki wachanga wasiliwe na wakubwa, na majani yanayooza huzalisha chakula chao.

Maporomoko ya Murchison pia yameandika historia ya biashara ya samaki Afrika Mashariki. Kwa samaki yalikuwa ukuta. Sangara ni mwenyeji wa Ziwa Albert na wa Nile iliyo chini ya maporomoko. Hakuweza kupanda mwenyewe. Miaka ya 1950 watu walimbeba na kumpandikiza Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria, na huko akageuka bidhaa ya viwanda na ndege za mizigo. Samaki huyohuyo Uganda huitwa mputa, Kenya mbuta, Tanzania sangara, na upande wa Congo wengi humwita kapiteni. Anayefanya biashara mipakani analazimika kuyajua majina yote manne.

Ziwani kwenyewe mambo yamebadilika. Wazee wa biashara ya Panyimur na Wanseko wanakumbuka enzi za angara wa chumvi, samaki wakubwa waliopasuliwa, kutiwa chumvi na kufungwa kwa mizigo ya Congo. Leo sehemu kubwa ya kinachovuliwa Ziwa Albert ni samaki wadogo, muziri na ragoge, wanaovuliwa usiku kwa taa. Samaki wakubwa wamepungua kwa sababu ya uvuvi uliopita kiasi. Gunia bado linajaa, ila kilichomo ndani si kile cha zamani.

Ndiyo maana delta ina thamani ambayo haionekani kwenye risiti. Ikiharibika, hasara haitaishia kwa watalii. Itafika Panyimur, ipande Nebbi, na mwisho ifike meza ya mchuuzi wa Omugo.

Njia ya mizigo ya zamani

Boti ikifika mdomoni mwa mto, ziwa hufunguka na milima ya Congo huonekana ng'ambo. Ziwa Albert lina urefu wa kilomita zipatazo 160 na upana wa kama 30, na mpaka wa nchi mbili unapita katikati yake. Jambo la ajabu ni kwamba Nile huingia ziwani hapa na kutoka tena karibu na hapa, ikielekea kaskazini kupitia Panyimur na Pakwach hadi Nimule kwa jina la Nile ya Albert.

Zamani kona hii ilikuwa mpaka wa wakubwa. Eneo la West Nile lilikuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi mwaka 1910, likapita mikononi mwa watawala wa Sudan, na mwaka 1914 likaunganishwa na Uganda. Biashara haikungoja ramani itulie. Wakati wa ukoloni, meli kutoka bandari ya Butiaba zilibeba abiria na mizigo hadi pwani ya Congo, na nyingine zilishuka Nile hadi Pakwach na Nimule. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda sana, bandari ya Butiaba ikaharibika, na njia hiyo ikafa.

Maji yalipanda tena mwaka 2020. Wakazi wa kando ya ziwa, wakiwemo wa Wanseko na Panyimur, walihama nyumba zao. Delta ni kama sifongo: hunywa maji mengi na kuyaachia polepole. Mafunjo yakifyekwa, mafuriko hayana pa kupumzikia.

Mafuta, mafunjo na beseni la mnunuzi

Katika siku za karibuni delta imepata jirani mpya. Mradi wa mafuta wa Tilenga, unaoongozwa na kampuni ya TotalEnergies, unahusu visima zaidi ya 400 katika wilaya ya Buliisa na ndani ya hifadhi. Bomba la mafuta ghafi litasafiri kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, Tanzania. Kampuni inasema imepunguza eneo inalolitumia ndani ya hifadhi na kwamba bomba linapita chini ya mto. Mashirika ya mazingira hayakuridhika, na mwaka 2019 yaliifikisha kampuni mahakamani nchini Ufaransa. Kesi hiyo ilitupwa mwaka 2023, lakini mjadala haujaisha.

Mfanyabiashara mdogo hana kiti kwenye meza ya mafuta. Ana kiti kwenye meza nyingine, ile ya kupimia samaki. Sheria ya Uganda inakataza sangara aliye chini ya inchi 20 na ngege aliye chini ya inchi 11. Nyavu za macho madogo huwekwa ziwani kwa sababu kuna anayenunua watakachokileta. Samaki mchanga anayenunuliwa rahisi Wanseko leo ndiye aliyepaswa kutaga mwakani, na mzigo wake ukikamatwa njiani, hasara humfuata mnunuzi, si mvuvi. Aliyekwisha kuona vifaranga vya samaki vikicheza kwenye mizizi ya mafunjo huliangalia beseni hilo kwa jicho jingine.

Kabla ya kuondoka

Kwa anayetoka Omugo, njia rahisi ni kufika Arua, kulala Pakwach, kisha kuingia hifadhini asubuhi na mapema kwa lango la Tangi, lililo karibu na daraja. Watu kadhaa wakichanga kukodi gari moja na boti moja, gharama hupungua sana. Boti huagizwa kabla, si siku ileile.

Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda hutoza viingilio kwa makundi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiasi kidogo, na mgeni kutoka nje hulipa kwa dola. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016 na Congo mwaka 2022, kwa hiyo mshirika wa biashara kutoka Kaya au Ariwara asikubali kuwekwa kundi la wageni wa mbali kabla hajauliza. Kila mtu abebe kitambulisho cha taifa au pasipoti, na viwango viulizwe kabla ya safari kwa sababu hubadilika.

Nguo zisiwe nyeusi wala buluu, kwani rangi hizo huwavuta mbung'o. Watu wa Koboko na Arua hawahitaji maelezo marefu: vile vitambaa vidogo vya buluu vilivyochomekwa kando ya mito yao viliwekwa kuwanasa mbung'o kwa sababu hiyohiyo. Kofia, maji ya kunywa na koti jepesi la asubuhi vinatosha kwa mengine.

Lugha si kikwazo kikubwa. Kingo za delta zina Bagungu upande wa Buliisa, na Wajonam na Waalur upande wa Pakwach na Panyimur, na Kiswahili cha sokoni kinafika kote huko. Ni busara kuomba mapema mwongozaji anayekizungumza, kwa sababu maelezo ya hifadhi mara nyingi hutolewa kwa Kiingereza.

Wakati wa kurudi, wengi husimama Panyimur au Pakwach kununua samaki wa kupeleka nyumbani. Hapo ndipo somo la asubuhi linapopimwa, kwa rula na kwa mfuko.