Kuwa na seva yako ya mtandao wa kijamii ukiwa Rungwe Mpya: kompyuta si shida, jina ndilo la kufikiria

Mei 20, 2025 watu wengi Tanzania walifungua X, ikagoma. Kwa haraka ungedhani bando limekata. Haikuwa bando. X ilikuwa imezuiwa nchini, na waziri wa habari wa wakati huo, Jerry Silaa, alieleza baadaye kuwa sababu ni maudhui ya ngono yanayoruhusiwa kwenye jukwaa hilo.

Sababu yoyote ile, mtumiaji hakuulizwa. Picha zake, marafiki zake, mazungumzo ya miaka, vyote vilibaki upande wa pili wa mlango asioumiliki. Facebook nayo ikibadili masharti kesho, ni hadithi ileile.

Sasa mchukue mkulima wa maharage Rungwe Mpya, kata ya Wilaya ya Kasulu huko juu Kigoma. Yeye hana haja ya kugombana na kampuni ya Marekani. Anataka kujua bei sokoni Kasulu mjini, gari la mbolea limefika wapi, na nani amepotelewa na mbuzi. Je, kijiji kinaweza kuwa na mtandao wake wa kijamii, na bado kikaongea na dunia nzima?

Kinaweza. Ila kuna mambo ya kuamua kabla ya kugusa kompyuta, na moja ukilikosea huwezi kulirudisha.

Kama laini za simu

Mwenye laini ya Halotel anampigia wa Vodacom bila kuhamia Vodacom. Kampuni mbili tofauti, minara tofauti, lakini zimekubaliana namna ya kupokelezana simu.

Mitandao shirikishi ya kijamii inafanya hivyohivyo. Kila kundi lina seva yake, yaani kompyuta inayowaka muda wote na kutunza akaunti za watu wake. Seva hizo huongea kwa lugha moja inayoitwa ActivityPub, iliyopitishwa rasmi na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2018. Aliye kwenye seva ya Rungwe Mpya anaweza kumfuata mtu aliye kwenye seva ya Nairobi au Berlin, akamjibu, akapewa na laiki.

Programu maarufu zaidi ya kuendesha seva hizi ni Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko. Ni programu huria, huilipii. Tatizo la Mastodon ni uzito: inakuja na hifadhidata ya PostgreSQL, inahitaji Redis, na mashine yenye RAM ya GB 2 itakuwa inahema.

Kwa kundi la watu 20 au 50, GoToSocial inafaa zaidi. Ni faili moja la programu, linaweza kutumia hifadhidata nyepesi ya SQLite, na mashine yenye RAM ya GB 1 inalibeba. Haina ukurasa wake wa kuperuzi habari. Watu wanaingia kwa apu kama Tusky kwenye simu ya Android. Kwa Rungwe Mpya hilo si pungufu, maana karibu kila mtu atatumia simu tu.

Jina kwanza

Akaunti kwenye mitandao hii inafanana na barua pepe: jina la mtu, kisha jina la seva. Tuseme @maharage@rungwempya.or.tz. (Hilo ni la mfano, usilitafute.)

Sehemu ile ya pili ni kikoa, wengi wanaita domeni. Unakisajili kwa wakala. Ukishawasha seva na mtu wa kwanza wa nje akamfuata mtu wako, jina hilo limeshaandikwa kwenye seva za wengine. Huwezi kulibadilisha. Mastodon na GoToSocial zote zinaonya hivyo kwenye maelekezo yake. Ukibadili jina, kwa wengine wewe ni seva mpya kabisa, na wafuasi wote wamebaki kwenye jina la zamani.

Kuna kosa la pili linalofanana na hilo, na hili ni baya zaidi kwa sababu mtu hulifanya akiwa anajaribu kurekebisha mambo. Seva imeharibika, hakuna bakapu, anaamua kufuta kila kitu na kuanza upya kwa jina lilelile. Kila akaunti ina ufunguo wake wa siri unaothibitisha kwamba posti imetoka kwake kweli. Funguo za zamani zimepotea na hifadhidata. Seva za nje zinaziona funguo mpya na kuzitilia shaka, kama benki inavyoitilia shaka saini isiyofanana. Posti zinatumwa, hazipokelewi, na hakuna anayekuambia kwa nini.

Kwa hiyo kikoa kisajiliwe kwa jina la kikundi au ushirika, si la kijana mmoja anayejua kompyuta. Kijana anaweza kuhamia Mwanza au kuolewa Kibondo. Kikoa hulipiwa kwa mwaka, na kikiachwa kiishe, mtu mwingine anaweza kukichukua.

Mashine ikae wapi?

Njia rahisi ni kukodi seva ndogo kwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti. Dola 5 hivi kwa mwezi inatosha kuanzia. Umeme na mtandao ni juu yao. Ukienda njia hii, kazi ya kuiweka ni ya jioni moja kwa mtu aliyezoea Linux.

Njia ngumu, lakini yenye faida yake ambayo itaonekana mbele, ni kuiweka mashine palepale kijijini. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 inaweza kazi hii. Hapo unakutana na mambo mawili.

La kwanza ni umeme. Mkoa wa Kigoma ulitegemea sana majenereta ya dizeli hadi ulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na kukatika bado kupo. Piga hesabu hivi: kompyuta hiyo na ruta yake pamoja zinakula wati 12 hivi, sawa na wati-saa 288 kwa siku. Betri ya sola ya volti 12, Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa wati-saa 600. Siku mbili bila jua. Si mbaya. Ila usihifadhi data kwenye kadi ya kumbukumbu ya kawaida, kuandikwa kila sekunde kunaiua, tafuta SSD.

La pili ni laini. Ukiweka ruta yenye laini ya simu, wewe unatoka kwenda intaneti, lakini intaneti haiwezi kuja kwako. Kampuni za simu huwa zinawabana wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa hiyo seva ya Nairobi ikitaka kukuletea posti haioni mlango wako. Suluhisho ni kukodi kile kiseva kidogo cha nje kiwe lango tu, kisha kompyuta ya kijijini inachimba njia ya siri hadi kwenye lango hilo kwa programu kama WireGuard. Mtu akija kwenye kikoa chako anafika langoni, anapitishwa hadi Rungwe Mpya.

Hapo kuna jambo la kisheria ambalo wengi hawalikumbuki. WireGuard ni VPN. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa za matumizi hayo. Ukiijenga njia hii, itolee taarifa. Ni fomu tu, na ni nafuu kuliko kuitwa kujieleza.

Kwenye faili la mipangilio

GoToSocial inapakuliwa Codeberg. Ndani yake kuna faili linaloitwa config.yaml, refu la kutisha, lakini mistari utakayoigusa haifiki kumi.

Mstari wa host ndio jina la seva. Chini yake kuna account-domain, kwa wanaotaka akaunti zisomeke kwa jina fupi huku seva ikikaa kwenye jina refu. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, uache mtupu. Kwenye db-type weka sqlite. Washa letsencrypt-enabled ili upate cheti cha usalama cha bure kutoka Let's Encrypt, na hakikisha milango ya 80 na 443 inapitika. Ukitumia lango, cheti kikae kwenye kompyuta ya kijijini, lango lipitishe tu bila kufungua.

Mstari wa accounts-registration-open unakuja ukiwa false. Uache hivyo. Ukifungua usajili kwa kila mtu, baada ya muda utakuwa unafuta matangazo ya dawa za nguvu za kiume kuliko unavyosoma bei za maharage.

Kisha media-remote-cache-days, ambao wenye bando wanapaswa kuuangalia mara mbili. Kila mnayemfuata nje, picha zake zinashushwa kwenye seva yenu na kukaa siku 7. Punguza ziwe 2, disko itapumua. Lakini bando la kuzishusha bado linaliwa, hivyo kijiji kizima kikianza kufuata kurasa za picha za mpira wa Ulaya, mtaijua bei yake mwisho wa mwezi.

Akaunti ya kwanza huundwa kwa amri ya admin account create, kisha unaipandisha cheo kwa admin account promote. Imekwisha. Fungua Tusky, andika jina la seva, ingia.

Bakapu ni faili la hifadhidata pamoja na folda ya picha. Simamisha programu, nakili, washa. Nakala moja ikae nje ya nyumba iliyo na mashine.

Nani ameshika funguo?

Mwenye seva anaona mengi. Ujumbe wa faragha kwenye mitandao hii haujafungwa kama wa WhatsApp; upo kwenye hifadhidata, na mwenye mashine akitaka anausoma. Watu waambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa Kiswahili na kwa Kiha, ili asije mtu akatuma humo namba ya siri ya M-Pesa. Waambiwe pia kwamba posti iliyokwenda kwenye seva nyingine ukiifuta kwako, ile nyingine inaombwa ifute, hailazimishwi.

Na mwenye seva ndiye anayegongewa mlango. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya polisi kutaka taarifa za watumiaji wake. Juni 2018 jukwaa hilo lilizimwa kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya za leseni, na Septemba 2025 TCRA ilisitisha leseni yake kwa siku 90. Hilo ni jukwaa kubwa lenye mawakili. Kundi la kijiji halina, kwa hiyo liulize TCRA mapema kama linahitaji leseni ya maudhui ya mtandaoni, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili, kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutumika Mei 2023.

Upande mwingine kuna faida ambayo kampuni kubwa haitakupa. Mtu akitukanwa kwa Kiha Facebook, atakayepokea malalamiko huenda hajui hata kama hiyo ni lugha. Rungwe Mpya msimamizi ataelewa neno, na ataelewa limetupwa kwa nani na kwa nini. Wawe wawili au watatu, angalau mmoja awe mwanamke, na nywila ya usimamizi isiwe kwenye simu moja tu.

Intaneti yote ikizimwa

Hapa ndipo mashine ya kijijini inapolipa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania na ikaanza kurudi Novemba 3. Seva iliyokodiwa nje isingefikika. Lakini kompyuta iliyo Rungwe Mpya, pamoja na ruta yake, hazihitaji intaneti ili simu zilizo karibu ziongee nayo kwa Wi-Fi. Posti za ndani zinaendelea: nani ana dawa, njia ipi inapitika. Za nje zinasubiri. Mastodon, kwa mfano, hurudia kutuma kwa takriban siku mbili kabla ya kuiacha posti.

Ili hilo liwezekane, kwenye ruta andika mapema kwamba kikoa chenu kiko kwenye anwani ya ndani ya kompyuta hiyo. Simu za Android zitalalamika kuwa Wi-Fi haina intaneti na kutaka kurudi kwenye data; mtumiaji achague kubaki. Cheti cha Let's Encrypt nacho huishi siku 90 na kwa kawaida huombwa kipya zikibaki 30, hivyo kuzimwa kwa siku tano hakukigusi. Kabla ya siku yoyote yenye wasiwasi, msimamizi aangalie tarehe ya cheti, achaji betri, kisha achomoe laini kwenye ruta kwa dakika kumi aone kama Tusky bado inafunguka.