Brussels nayo ina Ng'ambo yake

Familia nyingi kutoka Muscat, Dubai na Doha zikija Ubelgiji wakati wa likizo huwa na mpango mmoja. Siku ya kwanza Brussels: uwanja wa Grand-Place, kisanamu cha mtoto anayekojoa, chokoleti za kuwapelekea majirani, picha, basi. Siku ya pili wanapanda treni kwenda Bruges, maana wameambiwa mji wa mifereji ndio ule, na kule wanapandishwa mashua wakazungushwa. Si vibaya, Bruges ni mji mzuri. Lakini mtu akinambia Brussels haina maji huwa nacheka. Jina lenyewe la kale la mji huu, Broekzele, maana yake ni makazi ya kwenye kinamasi. Brussels ni mji uliofunika maji yake. Yaliyobaki kuonekana ni mfereji mmoja mrefu, na mwenye kutaka kujua watu wa hapa wanaishi vipi na aende akasimame ukingoni mwake.

Tuanze na mto. Unaitwa Senne, mto mdogo, wenye kona nyingi na maji yasiyo na kina. Vyombo vilivyotoka baharini kupitia upande wa Antwerp vilikuwa lazima vipite mji wa Mechelen, na watu wa Mechelen waliukalia mto kama mtu aliyekaa mlangoni: lipa ushuru ndipo upite. Wafanyabiashara wa Brussels walilalamika miaka na miaka. Mwisho wakaona dawa ni kuchimba njia yao wenyewe, wamkwepe jirani. Kazi ilianza mwaka 1550, ikisukumwa na mmoja wa wakubwa wa mji, Jean de Locquenghien, na tarehe 12 Oktoba 1561 mfereji wa Willebroek ukafunguliwa. Karibu kilomita 28, na zote zilichimbwa kwa mikono ya watu, majembe na makoleo.

Ardhi ya njiani haiko sawasawa, kwa hiyo mfereji una ngazi zake. Chombo kinaingia katika chumba cha maji, lango linafungwa nyuma yake, maji yanaingizwa au yanatolewa, chombo kinapanda au kinashuka taratibu, kisha linafunguliwa lango la mbele. Mpaka leo ukisimama kwenye lango la Molenbeek utaona tishari refu limejaa mchanga au kokoto limekaa linangoja zamu, na nahodha wake anakunywa kahawa hana haraka. Watoto hupenda sana kutazama jambo hili, na ni bure.

Zamani mfereji haukuishia nje ya mji. Uliingia ndani kabisa, ukagawanyika katika mabwawa ya bandari, kila gati na mzigo wake. Magati hayo hayapo tena lakini majina yamebaki kwenye vibao vya mitaa: gati la kuni, gati la matofali, gati la nyasi kavu, gati la chokaa. Mtu anatembea kwenye lami kavu, magari yanapita, na kibao kinamwambia uko gatini. Mabwawa yalianza kufukiwa katikati ya karne ya 19, na kufikia 1911 yalikuwa yamekwisha yote. Kanisa la Sainte-Catherine limesimama pale palipokuwa na bwawa. Mikahawa ya samaki imejipanga pembeni kama vile majahazi yangali yanakuja.

Sisi watu wa Unguja hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Pwani Ndogo, ule mkono wa bahari uliokuwa ukitenga Mji Mkongwe na upande wa pili, nao ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, barabara ikapita juu yake. Lakini mpaka leo mtu anakwenda sokoni Darajani, na daraja halipo. Na ng'ambo ya daraja ndiko Ng'ambo: waliko watu wengi, nyumba za udongo zamani, watumwa walioachwa huru, wachukuzi, mafundi. Jina lenyewe linamaanisha upande wa pili wa maji, na aliyelitoa alikuwa amesimama upande wa mawe.

Brussels pia ina Ng'ambo. Mwaka 1832, Ubelgiji ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru wake, ulifunguliwa mfereji wa pili kwenda Charleroi kusini, kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Ulikuwa mwembamba na una malango 55, safari ya kuchosha, lakini makaa yalifika. Makaa yakileta moto, moto ukaleta viwanda, na viwanda vikajengwa ng'ambo ya magharibi, Molenbeek, na juu kidogo, Anderlecht. Molenbeek ikaitwa Manchester ndogo. Wenye mali walipanda vilimani upande wa mashariki, wakaacha bondeni moshi na wafanyakazi.

Mto Senne nao yakaupata. Ulikuwa umegeuka mtaro wa viwanda na vyoo, na kipindupindu cha mwaka 1866 kiliua maelfu ya watu. Meya Jules Anspach akaamua kuufunika. Kati ya 1867 na 1871 mto ulitiwa ndani ya matao ya matofali, mitaa ya maskini ikabomolewa, na juu yake zikapita barabara pana zenye majumba ya fahari. Waliobomolewa hawakurudi kukaa kwenye majumba hayo, bila shaka. Na jambo la kushangaza: maji machafu ya makao makuu haya ya Ulaya yaliendelea kumwagwa mtoni bila kusafishwa mpaka karne hii. Mtambo wa kusini ulianza kazi mwaka 2000 na ule mkubwa wa kaskazini mwaka 2007. Sisi tunaambiwa kila siku kuhusu usafi!

Basi nani anaishi ng'ambo ya mfereji leo? Tarehe 17 Februari 1964 Ubelgiji ilitiliana saini na Moroko kuletewa wafanyakazi, na Julai mwaka huo huo na Uturuki. Walikuja vijana wa migodini, wa ujenzi, wa kuchimba njia za metro, na wengi wakashukia nyumba za bei nafuu za Molenbeek na Anderlecht ambazo Wabelgiji wenyewe walikuwa wanazikimbia. Sasa ni wajukuu wao. Barabara ya Chaussée de Gand, inayoanzia mfereji ulipo, ina maduka ya mashungi na majuba, mabuchari ya halali, mikate ya bapa inayotoka motoni, mnanaa kwa mafungu. Mwezi wa Ramadhani kunako alasiri huwezi kupita kwa watu na harufu ya harira. Mama wa Kiomani akiingia pale hatajiona mgeni. Atajua afanye nini, aulize bei na apinge.

Dunia ililijua jina la Molenbeek kwa njia nyingine. Baadhi ya waliofanya mauaji ya Paris mwezi Novemba 2015, na ya Brussels tarehe 22 Machi 2016 ambapo watu 32 waliuawa uwanja wa ndege na kwenye metro, walitoka au walijificha mitaa hii. Wapiga picha wa televisheni walijaa kwenye uwanja wa manispaa kama nzige. Watu karibu laki moja wanaishi Molenbeek, na karibu wote siku ile walikuwa wanawapeleka watoto shule kama sisi. Kijana anayeomba kazi akiandika anwani ya Molenbeek alikuwa na kazi ya kujieleza tangu kabla ya hapo, na tangu hapo ikazidi.

Ukiwa na asubuhi moja tu, nenda soko la machinjioni Anderlecht, hatua chache kutoka mfereji. Mlangoni kuna mafahali wawili wa shaba, na ndani banda kubwa la chuma la mwaka 1890, ambalo kwa kweli ni zuri kuliko makumbusho mengi niliyoingizwa. Mboga, samaki, viatu, mazulia, simu za mkono wa pili, kelele. Hapo utasikia Kiarabu cha Moroko, Kituruki, Kiromania, Kifaransa cha kila lafudhi, na ukitega sikio, Kiswahili. Ni Wakongo wa Goma, Bukavu na Lubumbashi. Wananunua kisamvu, wenyewe wanakiita sombe au pondu, na wanashangaa mzee mwenye kofia kama yangu akiwajibu kwa Kiswahili.

Machinjio haya yana uzito mwingine kwa Waislamu. Mkoa wa Flanders na ule wa Wallonia ulioko kusini zote zilipiga marufuku mwaka 2019 kuchinja mnyama bila kumpumbaza kwanza. Bunge la mkoa wa Brussels lilipiga kura Juni 2022 na kukataa marufuku hiyo, kwa hiyo mji huu ndio umebaki mahali pekee nchini ambapo uchinjaji wa zamani unaruhusiwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema mwezi Februari 2024 kwamba mikoa ile miwili haikuvunja haki ya dini. Kwa hiyo kura ya Brussels inaweza kurudi mezani wakati wowote, na kila inapokaribia Idi watu wa ng'ambo huizungumzia.

Kwa nini kuna Kiswahili sokoni? Panda metro pale Comte de Flandre, treni ipite chini ya mfereji, ushuke Schuman uingie bustani ya Cinquantenaire. Kuna Msikiti Mkuu, jengo la maonyesho la karne ya 19 ambalo serikali iliikabidhi Saudia mwaka 1967 na ikalichukua tena mwaka 2018. Karibu yake kuna mnara wa mwaka 1921 wa kuwatukuza Wabelgiji walioitwaa Kongo. Mmoja wa maandishi yake unasifu ushujaa wa jeshi lililomwangamiza Mwarabu mwenye kuuza watumwa. Neno hilo «Mwarabu» limekwanguliwa, likarudishwa, likakwanguliwa tena. Wanaokusudiwa ni watu wa akina Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 Mfalme Leopold huyo huyo alimfanya wali wake wa Stanley Falls, na ambaye mwanawe Sefu alikufa katika vita vya baadaye. Biashara ya watumwa ilikuwa kweli, na babu zetu walikuwemo. Mwalimu akiificha anawadanganya wanafunzi. Lakini mnara huo haukuandika neno juu ya mpira na mikono iliyokatwa. Wala hauwataji Wakongo 267 walioletwa Tervuren, nje kidogo ya mji, mwaka 1897 ili watazamwe na watu. Saba walikufa na wamezikwa kando ya kanisa la huko.

Turudi mferejini, maana huko mambo yanabadilika haraka. Tour & Taxis, ghala na forodha kubwa iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ilikosa kazi forodha za ndani ya Ulaya zilipoondolewa mwaka 1993; sasa ni ofisi, mikahawa, bustani na fleti. Mwaka 2014 ulimalizika ukingoni mnara wa UP-site, mita 140, fleti za watu wenye uwezo, unatazama chini moja kwa moja kwenye paa za Molenbeek. Gereji ya zamani ya Citroën inageuzwa makumbusho ya sanaa. Mimi sipingi. Ukingo uliokuwa mabati na panya umepandwa miti, na watu wanatembea. Ila nyumba ikikarabatiwa kodi inapanda, na wenye kuhama ni wale wale. Bibi wa Kimoroko aliyelea watoto sita juu ya duka, mwenye nyumba akimpa notisi, atakwenda wapi? Nje ya mji, atakakopata, mbali na msikiti na mbali na soko.

Soko la Anderlecht ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, shukeni metro ya Clemenceau au Delacroix. Molenbeek soko lao ni Alhamisi, kwenye uwanja wa manispaa. Chukueni pesa taslimu na kikapu, na nendeni mapema. Mchana jua likitoka hamtapata pa kupita.