Julai, Ball na Ganji Kidogo

Zipu ya jaketi yangu ilikataa kufunga wiki ya kwanza ya Julai. Nilikuwa na ball ya miezi saba, nimesimama steji Kayole saa kumi na moja asubuhi, manyunyu inapiga uso, na pale tumbo imetokea ndio upepo ilikuwa inaingilia. Nilishikilia hiyo jaketi na mikono mbili mpaka tao. Jioni nikarudi keja nikakaa kwa kitanda nikalia. Baridi ningevumilia. Kilichoniliza ni hesabu, juu tulikuwa tumebaki na soo nane na mwezi haijafika hata katikati.

Msee wa Mombasa ukimwambia Kanairo kuna baridi ya kutetemesha meno anadhani unamchezea. Si ikweta iko hapo tu? Iko, lakini sisi tumekaa karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kutoka Juni mpaka Agosti upepo baridi hutoka kusini, mawingu inafunika jiji mchana wote kama kifuniko cha sufuria. Usiku inashuka digrii 12, saa zingine 10. Kwa simu hiyo namba inakaa ya kawaida. Sasa lala nayo kwa keja ya mabati, sakafu ya simiti, na mlango yenye nafasi chini hata panya inapita bila kuinama.

Nilianza na nguo, na nilianza vibaya. Nilikuwa nauliza nguo za mimba. Hilo neno likitoka tu mdomoni, bei inapanda. Mathe wa jirani akanichanua: tafuta hudi ya chali, saizi kubwa, achana na mambo ya mimba. Basi nikaenda Gikosh, na sikwenda asubuhi wakati belo zinafunguliwa na wenye maduka wanapigania kamera, zile nguo safi za kwanza. Nilifika saa kumi jioni, time ya fagia, muuzaji anataka kufunga aende home na hana nguvu ya kubargain. Hudi nzito ya kijivu, soo na finje. Taiti mbili za kuvutika, finje finje. Soksi nzito pea tatu kwa soo, na marvin ya finje. Hiyo ni soo nne, na tumbo yote iko ndani. Nikifika kejani nilizifua zote na maji moto, nikazipiga pasi mpaka kwa mishono.

Kitu nilijifunza ni kwamba nguo tatu nyepesi zinashinda moja nzito. Hewa inayobaki katikati ndio inashika joto, na mat ikijaa ukianza kutoa jasho unavua moja, unaendelea na safari. Chini ya hudi nilikuwa nafunga leso ya mathe, imekunjwa mara mbili, inazunguka mgongo na tumbo. Hiyo leso ilinisaidia kuliko kitu chochote nilinunua. Soksi nazo usichukue zile za kukaba mguu. Miguu inafura ikifika jioni, na mpira ya soksi inaacha alama kama kamba.

Kulala ndio ilikuwa noma, juu ukiwa na ball unalala kwa ubavu na godoro yetu ilikuwa chini. Baridi mingi ilikuwa inatoka kwa simiti. Tuliomba katoni kwa duka ya jumla, tukazipasua tukatandika tabaka tatu chini ya godoro, na usiku uo huo nikaskia tofauti. Shuka kuukuu ikawekwa chini ya mlango. Ile tundu ya hewa juu ya dirisha tuliiacha wazi, na hapa ndio nataka uniskie vizuri.

Kuna jirani, roho safi kabisa, alinibebea jiko yake usiku moja. Makaa imeshika nyekundu, haina moshi, akaniambia nifunge mlango nilale nayo. Nilitamani sana. Msee wangu akairudisha nje. Kila msimu wa baridi Kenya unaskia familia imelala na jiko na hawakuamka. Makaa ikiwaka inatoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na ile moshi kuisha haimaanishi gesi imeisha. Inashika damu mara zaidi ya 200 kushinda oksijeni, so damu inazunguka lakini haibebi hewa. Mtoi aliye tumboni anaumia kuliko wewe, juu damu yake inaishika zaidi na inachelewa kuiachilia. Na dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika. Ni msichana gani mwenye ball hajaskia hizo tatu kwa siku moja? Utasema ni mimba, ujifunike, ulale. Jiko ikae nje, hata kama imebaki majivu moto. Ukiwa na hizo dalili na kuna moto ndani, toka nje saa hiyo, uende hosi.

Badala yake tulikuwa tunachemsha maji hapo nje, tunangoja ipoe kidogo, tunaijaza kwa ile chupa ya mpira, tunaifunga na tishati. Inakaa kwa miguu ama mgongo, haiwekwi juu ya tumbo, na inatolewa kabla usingizi inibebe.

Lakini hata na hayo yote, vidole vyangu vilikuwa baridi mchana kutwa. Watu walikuwa wananiambia mwenye mimba huskia joto, na ni kweli kwa wengi, juu mwili inaongeza damu karibu nusu ya ile ulikuwa nayo. Mimi nilikuwa natetemeka. Nikaenda kliniki, nasi akavuta kope ya chini ya jicho langu, akaangalia, akaniuliza, "Unakula odowa?" Nikanyamaza. Nilikuwa nakula hayo mawe ya mbao kila siku, naiweka kwa kibeti, natafuna kwa mat. Akanieleza pole pole, bila kunifokea. Damu ikipungua unatamani mawe, na hayo mawe yanaweza zuia chuma ya chakula kuingia mwilini, so damu inazidi kupungua, na mtu mwenye damu kidogo ndio huyo anaskia baridi wenzake wakivua sweta. Saa zingine hayo mawe yana hata madini ya risasi ndani. Nilipimwa damu, nikapewa tembe za chuma na foliki, za bure, nikaandikiwa kwa kitabu ya kliniki.

Dishi haikubadilika bei, ilibadilika mpangilio. Chai ya tangawizi nilikuwa nakunywa na chakula. Nikaisongesha mbele saa moja ama mbili, juu majani ya chai inashika ile chuma. Omena, ndengu, terere na managu kwa mama mboga, alafu chungwa ama ndimu ya kukamulia juu, hiyo ndimu inasaidia chuma iingie. Uji ya wimbi asubuhi kabla nitoke. Kuacha odowa ilinichukua karibu wiki tatu, na kuna siku nilirudia. Vidole vikaanza kupata joto kama mwezi moja baadaye, Agosti inaisha.

Mtoi alikuja Septemba, jua imerudi. Mwaka uliofuata, Juni, manzi wa ploti ya chini alikuwa na ball ya miezi sita na alikuwa anatembea na kashati. Nilimpelekea ile hudi ya kijivu, marvin, na katoni mbili. Leso nikabaki nayo, ndio ilikuwa imembeba mtoi mgongoni.