Upepo Ndani ya Tangi: Rekodi za Mafuta Yanayotengenezwa kwa Umeme

Aliyetangulia alikuwa mwalimu. Poul la Cour wa shule ya Askov, Denmark, alisimamisha kinu cha upepo mwaka 1891 kizalishe umeme. Shida yake ndiyo shida ya leo: upepo hauvumi kwa amri ya mtu. Akaupitisha umeme kwenye maji, yakatengana kuwa hidrojeni na oksijeni, na hidrojeni akaiweka akiba tangini. Kuanzia 1895 hadi 1902 shule iliwasha taa kwa hidrojeni hiyo, hata upepo ulipotulia. Mara kadhaa gesi ililipuka na kupasua madirisha, naye akaendelea.

Leo, kiwanda cha mafuta ya aina hii kilichovuma zaidi ni Haru Oni, karibu na Punta Arenas, kusini ya mbali ya Chile. Tangu Desemba 2022, kinu kimoja cha upepo hutoa umeme wa kuzalisha hidrojeni, ambayo huunganishwa na hewa ya ukaa kuwa methanoli, kisha petroli. Kiliundwa kutoa lita 130,000 kwa mwaka. Hayo ni malori manne hivi ya mafuta, kama yale yanayopanda kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Ni jaribio, na nadhani sifa zake zimezidi kimo chake.

Kwa wingi, tazama Kassø, Denmark. Kiwanda kilichofunguliwa Mei 2025 kinaweza kutoa tani 42,000 za methanoli kwa mwaka, na meli za Maersk ni miongoni mwa wateja.

Angani, rekodi ya Guinness ni ya Novemba 2021: rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza alirusha ndege ndogo ya Ikarus C42 kwa petroli ya kutengenezwa peke yake.

Upande wa amonia, ambayo nayo hutengenezwa kwa hidrojeni, China iko mbele: kiwanda cha Chifeng, kilichozinduliwa 2025, kinatumia jua na upepo kulenga tani 320,000 kwa mwaka.

Lakini Afrika inapohubiriwa hidrojeni safi kana kwamba ni ngeni kwake, nataka Aswan na Kwekwe vitajwe kwanza. Kiwanda cha mbolea cha Aswan, Misri, kilitenganisha maji kupata hidrojeni kwa umeme wa bwawa la Nile kuanzia 1960. Cha Kwekwe, Zimbabwe, kilitegemea gridi iliyolishwa na Kariba, na kwa miongo kadhaa kilikuwa miongoni mwa vikubwa duniani. Mwaka 2015, umeme ulipoadimika nchini, mitambo ya Kwekwe ya kutenganisha maji ilizimwa, na amonia ikaanza kuagizwa kutoka nje.