Vifaranga Wamefika, Mbona Hawali?

Tuseme klabu yenu ya shule pale Isikizya imechanga hela, mkanunua vifaranga vya perege. Je, mwamwage bwawani mara moja? Hapana! Joto la maji ya mfuko na ya bwawa si sawa. Mshtuko huo unaua.

Wapandikizeni asubuhi au jioni. Wekeni mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 30, ongezeni maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha waacheni watoke wenyewe.

Siku ya kwanza hawali? Msihofu, wamechoka na safari. Kesho yake wapeni pumba laini zenye unga wa dagaa, kiasi kidogo, mahali palepale. Chakula kikibaki, punguzeni. Kikioza kinamaliza hewa majini, na asubuhi mtakuta hela zenu zinaelea tumbo juu!