Mlango Wazi Hautoshi: Wanawake na Programu Huria

Programu huria ni programu za kompyuta ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Jambo OpenOffice, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004, ilitokana na programu ya namna hiyo. Vikundi vingi vya maendeleo havina fedha za kununua leseni, kwa hiyo tunafaidika sana na kazi hii.

Je, ni akina nani wanaozitengeneza? Utafiti uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, uliotolewa mwaka 2006, ulionyesha kuwa wanawake walikuwa asilimia 1.5 tu. Katika programu za kuuzwa walikuwa kama asilimia 28. Basi hatuwezi kusema kwamba wanawake hawaiwezi kazi hii.

Kikwazo ni nini? Wanawake wengi wameeleza kuwa walipouliza swali walijibiwa kwa dhihaka, au walitongozwa badala ya kusaidiwa. Tena, sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa bila malipo, baada ya saa za kazi, wakati mama bado yuko jikoni au analea watoto.

Mwaka huohuo wa 2006, mradi wa GNOME ulipokea maombi 181 ya wanafunzi waliotaka nafasi za kazi zilizolipiwa na Google. Hakukuwa na ombi hata moja la mwanamke. Viongozi wakatangaza nafasi 3 za wanawake, zenye malipo. Maombi 100 yakaja, na wanawake 6 wakachukuliwa. Kumbe walikuwapo; hawakuwa wamealikwa. Kutokana na mbegu hiyo ulikua mpango wa Outreachy, unaowalipa wanagenzi wa nchi mbalimbali.

Sisi tufanye nini katika vituo vyetu vya kompyuta?

1. Tuwaalike wasichana kwa majina yao. Tangazo la ukutani halitoshi.
2. Tupange masomo saa ambazo akina mama wanaweza kufika.
3. Tuweke kanuni dhidi ya kejeli na usumbufu, na mtu wa kuzisimamia.
4. Tuhakikishe msichana anashika kibodi mwenyewe, asibaki kutazama.

Swali la kujadili katika kikundi: Katika kituo chetu, ni nani hajawahi kuja, na ni nani kati yetu amewahi kwenda kumwalika?